Nyundo Nne na Beseni

Blandine, mtangazaji wetu wa redio, alifungua laini ya simu. "Leo tunataka maoni juu ya wimbo mliousikia sasa hivi, sauti mpya ya Nyundo Nne. Semeni kwa heshima, mama mwenyewe yupo hapa."

Mama mwenyewe ni mimi, Mado. Nyundo Nne ni bendi ya rock ya wachimbaji wanne wa Kolwezi. Zamani waliungurumisha magitaa hadi mbwa wa mtaa wa Kasulo wakahama, na Sadrack, mkubwa wao, akipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kisha akanisikia nikiimba mtoni, nikiosha mawe yao ya madini kwenye beseni. Sasa gitaa ni moja, linakwenda taratibu, nami naimba huku nikipiga beseni langu. Jumamosi tulitakiwa kupiga kwa Tata Kabemba, mzee mwenye baa pekee inayotupa jukwaa. Naye alisema atasikiliza redio kwanza, ndipo aamue.

"Mi ni Donatien, wa Kasulo," ilisema simu ya kwanza. "Hii haiko rock. Ni matanga. Mulituharibia bendi."

"Tata Donatien, kwenye matanga unakulaka bukari sahani mbili bila kulalamika."

Blandine alikohoa ili asicheke.

Akafuata kijana mmoja, Hénock. "Muko Nyundo Nne. Uyu mwanamuke wa tano ni nini?"

"Beseni," nikamjibu. "Nyundo inavunja. Beseni njo inaonyesha kama mulivunja mali ao udongo tu."

Wa tatu alikuwa mzee Ngoyi, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Banamuke habakaribiake shimo. Bakikaribia, mawe yanakimbia. Na muziki ni vile vile. Tangu uingie, nguvu ilikimbia."

Mwiko huo wa wanawake na shimo Kolwezi nzima inaujua. Hata Sadrack, aliyeketi kando yangu na gitaa lake, aliinamisha macho. Yeye mwenyewe amewahi kunifukuza shimoni kwake.

"Tata Ngoyi," nikasema, "kama mawe yananiogopa, kila siku munaniletea niyaoshe ya nini?" Nilitaka kuishia hapo, kwenye kicheko. Sikuweza. "Mume wangu, Mukalay, alichimba shimo chini ya chumba chetu, akitafuta mawe. Mulisema nikae mbali, nikakaa mbali. Shimo lilimumeza vile vile. Huu wimbo ni wake. Sitauimba kwa kunong'ona."

Simu iliyofuata ilitoka kwa Kabemba. "Sadrack, mwanangu. Jumamosi muje na magitaa ya zamani, bila uyu mama. Kama haiwezekani, musikuye."

Sikumtazama Sadrack. Kubembeleza nilishakuacha mtoni zamani. Nililiweka beseni magotini, nikangoja.

Alikuna shingo yake. Kisha akakisogelea kipaza sauti. "Aksanti, Tata. Basi tutapigia barabarani, mbele ya mlango yako. Batu batano."

Kabemba akakata. Sadrack akagusa nyuzi, nikapiga beseni, nikalitaja jina la Mukalay kwa sauti iliyofanya sindano za mitambo ya Blandine zirukeruke.

Tulipomaliza, simu ililia. Donatien tena.

"Bado sipendi," alisema.

"Nimesikia, Tata."

Lakini hakukata simu. "Barabarani, ni saa ngapi?"

"Saa kumi. Ukuye na kiti yako. Viti bya Kabemba bitabakia ndani."