Kisanduku cha Wake Wenza

Mimi na Batuli tuliolewa na mwanamume mmoja, na tukaachwa na huyohuyo, wote wawili katika wiki moja. Anaitwa Ridhiwani. Yuko Tunduru huko na mke wa tatu, Mungu amzidishie, maana alipoondoka alituachia viti vya plastiki, maturubai mawili na sufuria zile kubwa za pilau. Msidhani aliviacha kwa wema. Alikosa gari la kuvibebea, basi. Kilwa Kivinje nzima ikakaa mkao wa kula, wanangoja kutuona sisi wawili tukitoana macho kwa ajili ya viti. Tukawanyima raha hiyo. Tukapanga ghala, tukaingiza kila kitu, tukaanza kukodisha vyombo kwenye shughuli za watu.

Hata jina la biashara hatukujipa wenyewe. "Vyombo umechukua wapi?" "Kwa Wake Wenza." Nikaona isiwe tabu. Nikanunua rangi nyekundu, nikaliandika kwenye turubai kwa herufi kubwa, ili anayetaka kucheka acheke huku amekaa kwenye kiti changu alicholipia.

Sasa, ghala letu ni moja ya yale majengo ya enzi za Mjerumani, kuta nene, panya hapati pa kupita. Mbele vyombo, nyuma kuna chumba kidogo, na ndicho analala Batuli. Mimi nina nyumba ya kaka yangu, siwezi kukosa pa kulala. Batuli hana. Ndugu zake walikwishagawana kila kitu huko kwao Miteja, yeye wakamwachia salamu. Kwa hiyo Yahya, mwenye jengo, alipotupigia simu kutoka Dar es Salaam mwezi wa Rajabu, mwenzangu ndiye aliyeketi chini.

"Mama zangu, shikamooni," Yahya akasema, kwa adabu zake zote. "Safari hii nataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Milioni moja na laki mbili. Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Yupo mtu wa Kilwa Masoko anataka kulipa hata leo, lakini nyie nimewapa nafasi kwanza."

Huyo mtu wa Masoko tulimjua. Ni Saad, kijana mwenye maturubai ya taa za rangi na lori lake mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa hapiti mbele ya ghala bila kusimamisha lori. "Mama zangu, mnahama lini?" anauliza, meno yote nje. Nilitamani nimrushie kiatu, ila nilikuwa na jozi moja tu.

Mkononi tulikuwa na laki tatu. Shaabani ilikuwa inaingia, na Shaabani ndiyo mwezi wa harusi kwetu, kila mtu anataka kuoa kabla ya mfungo. Kazi zilikuwepo. Pesa ndiyo ilikuwa haifiki. Mnajua wenyewe mambo ya shughuli: michango inatolewa, inapitia kwa mjomba, inapitia kwa mwenyekiti wa kamati, inapitia kwa mpiga ngoma, na ikifika kwa mwenye viti ni ya kununulia chumvi. Na huwezi kumdai mtu mbele ya bi harusi. Utaitwa mchawi.

Ndipo akaja Jenipher. Binti mmoja wa kampuni fulani ya Lindi mjini, mchangamfu, ameweka meza sokoni na vitu viwili juu yake. Cha kwanza ni kisanduku cha malipo. Unapewa namba yako ya biashara, mteja analipa kwa simu, pesa inaingia moja kwa moja kwako, na kisanduku kinatangaza kwa sauti nani ametoa na ametoa kiasi gani. Cha pili ni programu ya mahesabu, unawekewa kwenye simu. Unaingiza kilichotoka, kilichorudi, mafuta ya gari, na yenyewe inakwambia kazi ipi ina faida na ipi inakutia umaskini. Kila kimoja laki moja na nusu.

"Tuchukue kisanduku," nikasema.

"Tuchukue programu," akasema Batuli, pumzi ileile.

Jenipher akatazama huku na huku. "Mama, mnaweza kuchukua vyote viwili."

"Halafu kodi utulipie wewe?" nikamuuliza.

Tukabishana njia nzima mpaka ghalani. Batuli akishika jambo hapigi kelele, anakuchimba polepole. "Zuhura, sisi hatujui hata tunapata nini. Sufuria zinakwenda Mitole na kirikuu, kile kigari cha mizigo, cha kukodi, mafuta yanakula pesa yote, na bado tunawatoza sawasawa na mtu wa jirani hapa. Sahani zinatoka, zinarudi pungufu, tunasema yamepita. Tunapata hasara huku tunacheka."

Alikuwa na haki. Programu tulipoinunua baada ya Idi, kitu cha kwanza ilichotuambia ni kwamba Mitole tulikuwa tunawahudumia bure. Lakini siku ile nisingemkubalia hata angeniapia kwa msahafu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "programu inahesabu pesa iliyoingia. Kama haijaingia, inahesabu nini? Viti?"

Akafikiri. Batuli ana ubaya mmoja, anafikiri kweli. "Sawa," akasema. "Tuchukue kisanduku chako. Lakini na mimi nikuulize. Pesa ikiingia na usijue ni ya nani, utafanyaje?"

"Ikiingia kwangu ni yangu, jamani! Kuna swali hapo?"

Batuli akaenda kukunja majamvi.

Harusi kubwa ya mwezi huo ilikuwa ya Mwanahawa, binti wa dada Siti, yule mwenye duka la vitenge. Vyombo vyetu vyote vilikwenda, bili laki sita. Nikamwambia Siti waziwazi: safari hii michango ya vyombo haipiti kwa mjomba wala kwa nani, inaingia kwenye namba hii hapa. Siti akafurahi, kumbe na yeye amechoka na wajomba. Siku ya kumpamba bi harusi, baada ya sala ya alasiri, wanawake wamejaa uani wamevaa sare, nikaweka kisanduku juu ya meza jirani na kiti cha bi harusi. Sikukiweka pale kwa akili yoyote. Meza ilikuwa hiyo moja.

Wa kwanza alikuwa mama mdogo wa bi harusi. Akabonyeza simu yake kimya, anachangia vyombo kama alivyoambiwa. Kisanduku kikasema, sauti imejaa ua mzima: "Umepokea shilingi elfu hamsini kutoka kwa Somoe!"

Ngoma ikakatika. Watu wakageuka. Halafu, weee! Vigelegele vilipigwa mpaka nikaziba masikio. Somoe mwenyewe akainuka, akazunguka ua na khanga yake begani, utafikiri ndiye anayeolewa.

Upande wa bwana harusi ungekubali? Shangazi wa bwana harusi, jimama limekaa mbele na dhahabu mpaka viwikoni, akaniita kwa kidole. "Wewe mama, namba ngapi hiyo?" Nikamtajia. Kisanduku kikamtaja: "Umepokea shilingi elfu sabini!" Upande wao ukalipuka. Somoe akaichukua simu yake tena. Kukawa hakuna kukaa. Mmoja akatuma elfu moja, kisanduku kikaitangaza na jina lake bila huruma, ua mzima ukaangua kicheko, akajifunika uso kwa khanga, na kabla hajajifunua akawa ametuma elfu ishirini kuokoa heshima. Mpiga ngoma akaanza kukifuata kisanduku: kikitaja, anapiga, wanacheza, wanatuma tena. Bi harusi mwenyewe, aliyeambiwa ainamishe macho, alikuwa anatikisika mabega kwa kicheko.

Mimi macho kwenye simu. Laki mbili. Laki nne. Laki sita, bili yetu imekwisha! Nikamminya Batuli mkono. Na kisanduku hakikunyamaza. Laki saba. Laki nane na nusu. Mwisho kikasimama kwenye milioni moja na elfu themanini.

Nilipiga hesabu papo hapo, bila programu ya mtu. Laki moja na nusu iliyobaki nyumbani, na laki sita za bili, tunapungukiwa laki nne na nusu kwenye kodi. Na hapo kwenye simu imezidi laki nne na elfu themanini. Yaani kodi imetimia, na mboga ya futari juu! Nikamwona Yahya mawazoni. Nikamwona Saad na meno yake. Nikamnong'oneza Batuli, "Tumepona, mwenzangu. Chumba chako hicho."

Batuli akatazama simu. Akamtazama bi harusi. Hakusema rudisha, hakusema chochote cha dini. Aliuliza tu, taratibu, "Iliyozidi ni ya nani?"

Nilimchukia. Nasema kweli, wakati ule nilimchukia kuliko siku alipoletwa ndani kama mke wa pili. Maana nilijua jibu. Wale wanawake hawakuwa wanalipa viti. Nani anachezea ngoma viti? Walikuwa wanamtuza bi harusi, kisanduku kimekaa pembeni yake, wakadhani ni chake. Na yeye anayeniuliza ndiye atakayelala nje.

Nikainuka kwa hasira zangu zote. Nikampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Nisikilizeni! Mimi ni Zuhura wa Wake Wenza. Vyombo vya shughuli hii ni laki sita, na laki sita imelipwa, na hatudaiani. Mmetuma zaidi. Hiyo iliyozidi siyo yangu, siyo ya mwenzangu, ni tuzo ya Mwanahawa. Laki nne na elfu themanini. Mwanahawa, mwanangu, shika simu yako, nakutumia sasa hivi, na hawa wote mashahidi!"

Nikatuma. Simu ya bi harusi ikalia, akaisoma, akasahau kuinamisha macho, akanikumbatia na hina yake yote ikaishia kwenye gauni langu. Vigelegele vya safari hiyo sitavisahau mpaka naingia kaburini. Hata lile jimama la dhahabu lilisimama. Nami nikarudi kukaa karibu na Batuli nikilia, na sikulia kwa furaha, nisiwadanganye.

"Utalala kwangu," nikamwambia. "Kaka asipotaka atanikuta mimi."

"Ngoja kwanza," Batuli akasema.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha sufuria mlangoni, nimenuna. Kisanduku kiko dirishani. Mara kikasema: "Umepokea shilingi laki moja kutoka kwa Agnes!" Nani Agnes? Simu ikaita. Mama mmoja wa Mitole, Mkatoliki, mwanawe anaoa baada ya Pasaka. Dada yake alikuwepo harusini. "Mama, shikeni kabisa hiyo, mtatupunguzia kwenye bili. Nataka nyie na kisanduku chenu." Kabla ya adhuhuri wakaingia wengine wawili, nao wakaweka malipo ya awali bila kuombwa. Tangu lini Kilwa mtu akalipia viti miezi miwili kabla? Nikaacha sufuria na povu lake. Jioni tulikuwa tunapungukiwa laki mbili tu, na mfungo umebakiza siku chache.

Siku chache hizo zikapita kavu. Ikafika ya mwisho, watu wanaulizana habari za mwezi, na lori likasimama mbele ya ghala. Saad. Nikavua kiatu kabisa, liwalo na liwe.

Lakini safari hii hakucheka. Akashuka, akasimama mlangoni akikuna kisogo. "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," akajibu Batuli. Mimi nimeshika kiatu.

"Dada yangu anaolewa Mfungo Mosi, Idi ikipita," akasema, akitazama chini. "Nimemwambia mama nina maturubai, nina taa, nina kila kitu. Hataki. Nimemwambia basi nitanunua kisanduku kama chenu. Hataki pia. Anasema kisanduku atanunua yeyote, yeye anawataka wale waliorudisha pesa ya bi harusi." Akatoa simu yake. "Amesema nilipe leo nusu, nisirudi nyumbani kabla sijalipa. Ni shilingi ngapi?"

Nikamtazama Batuli. Batuli akanitazama. Miaka yote ya kuolewa nyumba moja hatukuwahi kuelewana haraka namna ile.

"Laki mbili," tukasema pamoja.

Saad akabonyeza. Na kisanduku, Mungu akiweke, kikapaza sauti mpaka muuza kahawa wa ng'ambo akageuka: "Umepokea shilingi laki mbili kutoka kwa Saad!"

Batuli hakungoja. Alinyakua simu ya biashara, akamtumia Yahya milioni na laki mbili zake palepale. Kisha akaketi juu ya majamvi, akaushika mlango wa chumba chake kwa kiganja, akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho sikujua kama anaweza kukipiga, mwanamke mkimya vile.

"Kuna nini?" Saad akauliza.

Nikavaa kiatu changu, nikamsindikiza mpaka kwenye lori kwa heshima zote. "Hakuna kitu, baba. Ulikuwa unatuuliza tunahama lini. Msalimie mama, mwambie hatuhami, na kodi ya mwaka umetumalizia wewe."