Baridi ya Mama Diana

Mara ya kwanza kumwona Melania, niliona mgongo wake. Alikuwa anatoka sokoni Bugarama na kapu la maharage kichwani, anatembea kama mtu aliyeitwa nyumbani. Nilitaka kumsalimia, sikumfikia. Zilipita siku tatu za soko mpaka nikajua jina lake. Mwaka uliofuata alikuja kwetu Murukulazo akiwa mke wangu, na kwa miaka ishirini na saba sikuwahi kumtangulia shambani. Nikifika na jembe langu, yeye yuko tuta la tatu, anaimba nyimbo za kwao. Siku zile niliona ni mambo ya kawaida tu.

Mwaka juzi alikutwa na saratani ya koo. Tukaenda Mwanza, akapigwa mionzi shingoni mara thelathini na tatu. Ngozi ilibabuka, akaishi kwa uji, lakini akavumilia. Uvimbe ukayeyuka. Tuliporudi nyumbani majirani walichinja mbuzi.

Ila miezi ilivyokwenda, ndivyo alivyozidi kupoa. Jua la utosi linawaka, yeye amejifunika blanketi. Uso ulimvimba ilhali hali chakula cha maana. Siku moja alisimama katikati ya ua na beseni mkononi, akaniuliza, "Baba Diana, nilikuwa nakwenda wapi?"

Safari za kliniki tulizoea kulala Nyamigogo kwa dada yake, Deodata. Safari iliyofuata, jioni ya kuamkia kliniki, nilimweleza Deodata wasiwasi wangu.

"Shemeji, saratani si mafua," alisema huku akitia chumvi kwenye sufuria. "Shukuru yu hai."

Nilikuwa nashukuru. Lakini macho yangu yalibaki kwenye pakiti ya chumvi. Iliandikwa kwamba ina madini joto, na ghafla nikawa darasa la nne. Enzi hizo mama yangu alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo, na kina mama wengi kijijini vilevile. Muuguzi alikuja shuleni akatugawia vidonge vya madini hayohayo, akatushikisha shingo zetu. "Hapa kuna tezi," alisema. "Ikichoka, mwili wote unapoa, na akili inakwenda taratibu." Tulicheka, tukashikana shingo mpaka kengele ikalia.

Shingoni. Palepale mionzi ilipopita.

Kesho yake kliniki ilijaa watu. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya uchovu, alisema, "Shikamoo mzee," akapapasa shingo ya Melania, akasoma faili. "Uvimbe haujarudi. Uchovu ni kawaida baada ya mionzi. Mrudi baada ya miezi miwili."

"Marahaba, daktari. Uchovu naujua, mimi ni mkulima," nilisema. Sikuinuka. "Huyu anasikia baridi mchana. Anavimba uso. Anasahau alichoshika. Tezi ya shingo imepimwa?"

"Mzee, kuna watu nje..."

"Nawaona, baba. Lakini nimeishi na huyu mama tangu ni msichana. Huyu siye. Kama ilipimwa, nionyeshe tu nami niondoke."

Melania alinivuta shati kwa aibu. Daktari alirudi kwenye faili, akafunua karatasi moja moja hadi ya mwisho. Kisha akavua miwani.

"Haijapimwa," alisema. "Ilipaswa. Samahani, mama."

Akachukuliwa damu. Majibu yalipotoka, daktari alitueleza kwamba tezi imeunguzwa na mionzi, karibu imelala kabisa. Akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yake yote, na damu ipimwe tena baada ya wiki sita.

Haikuwa miujiza. Wiki ya nne ndipo alipoacha blanketi. Mwezi wa tatu alinigombeza kwa jinsi nilivyoanika mtama vibaya, nami nikageukia ukutani nisije nikaonekana nalia. Sauti yake imebaki ya kukwaruza, na shambani anachoka mapema.

Kidonge anakimeza kwa maji matupu, kisha anasubiri nusu saa kabla ya chai. Nami nasubiri naye. Tunakaa jikoni tukikumbushana: nyumba yetu ya nyasi iliyovuja, mvua iliyonyesha Diana alipozaliwa. Yeye anasema ilikuwa ya mawe. Mimi nasema hapana. Tunabishana mpaka chai inapoa.