Maji ya Mti wa Chloé

Jiji likitaka kukata mti halipigi hodi. Asubuhi moja ya Oktoba, mwaka 2018, Marcelline alikuwa anakwenda kufungua saluni yake alipokuta alama nyekundu ya X kwenye shina la jakaranda, ule mti ulio karibu na lango la bustani ya Joubert Park. Rangi ilikuwa mbichi bado. Aliigusa ikamganda kidoleni, na siku hiyo nzima hakusuka kichwa kikamridhisha.

Wapita njia waliona mti, tena mti mbovu, majani machache na maua hakuna, wakati jakaranda wenzake barabarani walikuwa wamejaa zambarau. Kwa Marcelline ule haukuwa mti tu. Chini yake alikuwa amezika kitovu cha Chloé, binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa iliyopita. Kwao Uvira kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa uani, ili mtoto awe na mahali pa kurudi hata akipotelea wapi. Lakini Uvira alikuwa ameikimbia na vita nyuma yake, na ghorofa ya saba ya jengo la Joubert Park haina ua, ina korido na harufu ya mikojo. Basi alishuka na kijiko cha kulia, akachimba chini ya jakaranda, akazika, akasali Baba Yetu. Évariste, mumewe, alimcheka sana. "Umepanda mtoto katika shamba ya serikali," alimwambia. "Siku moja watakuja kuchukua shamba yao." Évariste amekwisha kufa, Mungu amrehemu, lakini mzaha wake haukufa naye.

Chloé mwenyewe aliudharau ule mti. Alizaliwa hapa Sauzi na kukulia hapa. Mama akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kizulu. Mwaka uliotangulia waligombana juu ya mwanamume, Chloé akabeba begi akaenda zake Durban. Neno la mwisho alilotupiwa na mama yake mlangoni ni kwamba asirudi. Hasira hasara, wanasema, na Marcelline alikuwa analipa hasara hiyo kila siku. Simu zikawa za nadra, kisha zikakatika kabisa, na miezi ileile majani ya jakaranda yakaanza kukauka ncha. Mcheke ukitaka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyu alikuwa ameshika imani moja tu: mti ukisimama, mtoto atarudi.

Mtu aliyeweza kumsaidia alikuwa anakuja saluni kila mwezi. Hedwiga, mama yake Mmorogoro, baba yake Msauzi aliyerudi kutoka uhamishoni, alikuwa mkaguzi katika idara ya jiji inayosimamia bustani. Ndio hao wanaoamua nyasi zikatwe lini, bomba lipi lifungwe na benchi lipi liondolewe ili watu wasilale. Marcelline alimsubiri akae kwenye kiti, akamfunga taulo mabegani, ndipo akaanza.

"Dada Hedwiga, ile mti ya pa mlango, ile mulitia alama. Munaikata?"

"Tumeweka alama kwenye mingi, Mama Chloé. Kuna mdudu ameingia mjini, anatoboa miti, inakufa imesimama."

"Ile haina mududu. Naiangaliaka kila siku."

"Aliyeuwekea alama ameona hali yake. Eish, tawi kavu likimwangukia mtu kichwani, sisi ndio tunaulizwa."

Marcelline akaweka kitana chini. "Mukate yote. Muniachie ile moja."

Akamweleza. Hedwiga hakucheka, maana na yeye kitovu chake kiko Morogoro, na mama yake hakuacha kumkumbusha hilo mpaka anaingia kaburini. Akamtazama Marcelline kwenye kioo.

"Kesho asubuhi nitaukagua mwenyewe," akasema. "Nisipoona mdudu, nitaomba alama ifutwe."

Usiku ule Marcelline alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa mwaka mzima.

Hedwiga alifika na buti, kisu kidogo na sepetu. Alibandua gome hapa na pale, akauzunguka mti, akapanda juu ya benchi kutazama matawi. "Hakuna tundu hata moja," akasema. "Mdudu hajafika hapa." Marcelline alitaka kupiga vigelegele palepale, na walinzi wa bustani wamshangae wapendavyo. Lakini Hedwiga alikuwa ameinama tayari. Juu ya udongo palikuwa na ganda jeupe, kama utando wa uji uliopoa. Akalivunja kwa sepetu, akachimba, akatoa kipande cha mzizi. Kilikuwa cheusi na kililegea mkononi. Akakinusa.

"Mama Chloé, kuna mtu anamwaga kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Dawa. Sijui sabuni, sijui nini. Udongo umeungua, na si jambo la juzi."

Akamsogezea udongo puani. Hakukuwa na haja. Marcelline aliijua ile harufu, alikuwa analala nayo na kuamka nayo, ilikuwa mikononi mwake wakati huohuo.

Ulipokuja ule ukame, mwishoni mwa 2016, redio ilitangaza kila siku jinsi bwawa lilivyopungua. Jiji likafunga mabomba ya bustani na kukataza mipira ya maji. Watu wakaambiwa maji waliyokwisha kutumia wasiyamwage bure, waipe mimea. Marcelline alitii. Nani mwingine angeuhurumia mti wa Chloé? Kila jioni alijaza ndoo kwenye beseni la saluni, maji yaliyosuuza vichwa vya wanawake wa mchana kutwa, yenye rangi, shampuu, na ile dawa ya kulainisha nywele. Dawa hiyo ikichelewa kichwani huchubua ngozi; yeye mwenyewe hakuishika bila glavu. Alivuka nayo barabara, akasubiri robot, yaani taa za barabarani, akaumwagia mti ndoo yote. Walinzi wakamwita Mama wa Maji, naye akafurahi. Mvua zilirudi, marufuku ikaondolewa, yeye hakuacha. Majani yalipoanza kukauka, aliongeza ndoo ya pili. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hujipekua nguo akiwa anafanya wema?

"Ni maji ya saluni," akasema. "Njo mimi namwaga."

Hedwiga akarudisha mzizi shimoni. Kisha akasema, "Ulikuwa unausaidia."

"Nilikuwa naiua, dada. Mwaka na mwaka, na mikono yangu."

"Ungeniuliza mapema..." Hedwiga akakatiza, akafuta sepetu kwenye nyasi. "Mizizi imekwisha. Siwezi kuandika kwamba ni mzima, watoto wanacheza hapa chini. Nisamehe, Mama Chloé."

La kuvunda halina ubani. Marcelline alimwambia hana kosa, na kweli hakuwa nalo. Angekuwa nalo, angalau Marcelline angepata mtu wa kumlaumu.

Wakaja Alhamisi, wanaume wanne na kamba na msumeno wa mashine. Marcelline alifunga saluni akaenda kusimama nje ya utepe, maana maiti wako huwezi kumwachia mtu mwingine akuangalizie. Matawi yalitangulia. Yalidondoka makavu, bila uzito. Walipoanza shina, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni, namba asiyoijua.

"Maman? Ni mimi. Usikate."

Ilikuwa sauti ya Chloé, na Chloé alikuwa anasema Kiswahili, kibovu, cha kuokotaokota, lakini Kiswahili.

"Mwanangu. Uko wapi? Uko muzima?"

"Niko muzima. Nimezaa, Maman. Mtoto mwanamuke. Nilimuita Marcelline." Msichana alikuwa analia na kucheka pamoja. "Yule mwanaume alienda. Niko peke yangu na mtoto. Nilikuwa na haya ya kukupigia."

"Haya ya nini? Kuya. Kuya nyumbani, mama."

"Nitakuja Krismasi. Maman, kitovu yake ilianguka. Sikutupa. Nimeiweka mu kachupa. Nataka tuizike pa mti yangu, chini, pamoja na yangu. Ile mti si iko?"

Mwenye msumeno alipiga kelele kuwaambia wenzake wasogee. Msumeno ukanguruma upya, na unga wa mbao ukaruka mpaka kwenye viatu vya Marcelline. Hedwiga, aliyekuwa upande wa pili wa utepe, aligeuka akamtazama.

"Iko," Marcelline akasema.

"Imechanua? Si ni Oktoba?"

"Imechanua sana. Chini yote ni maua."

"Maman, kelele gani hiyo?"

"Ni watu ya bustani," akasema. "Banatengeneza mti yako." Kisha akaifunika simu kwa kiganja, kwa sababu shina lilikuwa limeanza kuvunjika.