Kaburi la Uani Tulizo

Baa na gesti ya Tulizo, pale Kongowe ya Kibaha, haikuota yenyewe kama uyoga. Laurentia na mumewe Calist waliianza na vyumba viwili na jiko la mkaa, enzi hizo madereva wa malori wakilala chini ya magari yao. Supu alipika Laurentia, matofali alifyatua Laurentia, na tumbo la mtoto wao Justa likiwa mbele. Halafu mtu aje kusema ile ni mali ya ukoo!

Aliyesema ni Didas, mdogo wake Calist. Calist alipofariki, Laurentia aliomba azikwe Kisarawe, kwenye makaburi ya parokia, ubavuni mwa Justa aliyetangulia angali mdogo. Didas akakataa katakata. Akamzika kaka yake uani, nyuma ya baa, maana alijua ukishazika ndugu yako mahali, hakuna wa kukwambia si kwenu. Arobaini haijafika, mjane katupiwa virago nje. Laurentia akarudi kwao Kisarawe.

Sasa nani anywe bia anatazamana na msalaba? Wateja wakahama, madereva wakawa wanalala Mlandizi. Didas akaona bora auze. Mnunuzi akapatikana, ila hataki kiwanja chenye kaburi, na kaburi halifukuliwi bila ridhaa ya mjane.

Ndipo Didas alipokanyaga Kisarawe. Alipiga magoti mbele ya shemeji yake, akaahidi jeneza jipya, padri na gari. Calist angelala kando ya Justa, kama Laurentia alivyotaka tangu mwanzo.

Moyo ulimruka Laurentia. Kila Jumapili baada ya misa alipalilia kaburi la mwanawe pamoja na ile nafasi ya pembeni yake. Neno moja tu, na mumewe angekuja. Lakini akamtazama Didas, shati limemlowa jasho, na raha ikampanda mpaka akaogopa atacheka.

"Shemeji," alisema taratibu, "mwache palepale ulipomweka. Na wewe ukae naye."

Didas alilia kweli. Laurentia akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, akarudi ndani, akala akashiba.

Jumapili akaenda makaburini na jembe lake. Alimwambia Justa kwamba baba haji tena. Sababu hakumwambia.