Anwani ya Barua ya Sultani Jitukuze

Katika dola ya Majivuno barua ilipimwa kwa anwani yake, si kwa maneno yaliyokuwamo. Sultani Jitukuze hakumwandikia mfalme yeyote duniani ila kwa kumwita "mdogo wetu". Na ng'ambo ya mpaka, katika dola ya Kiburini, Mfalme Sishindiki alikuwa ameapa kutofungua waraka wowote umwitao mdogo. Kati ya dola hizo lilikuwapo Bonde la Ukiwa, walilolipigania hadi kufa maelfu ya vijana wa pande zote mbili, ingawa mbuzi mwenye akili asingekubali kulala humo na njaa yake. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Bondeni humo hata nyasi hazikuwapo.

Tarishi aliyekabidhiwa waraka wa mpaka aliitwa Mstahamili. Sheria ya Majivuno ilikuwa kwamba tarishi arudiye bila jibu hukatwa kichwa. Akamuaga mkewe, Tulizo, akamwahidi kurejea kabla ya mavuno. Bawabu wa Kiburini alisoma anwani, akamrudishia barua, muhuri haujaguswa.

"Hapa hatuna wadogo wa mtu, bwana tarishi. Lete nyingine."

"Nyingine sina, na kwetu sirudi mikono mitupu."

"Basi ngoja."

Akangoja miaka tisa. Alijenga kibanda cha mawe bondeni. Kila asubuhi alipanda langoni na kila asubuhi alirudishwa. Upweke ulimtafuna hata akawa, afikapo kibandani, hupiga hodi, kisha huingia mbio ajiitikie karibu. Siku alipojaribu kuikumbuka sauti ya Tulizo asiipate, ingawa uso wake alikuwa nao bado, aliketi chini akalia kwa kwikwi, wala hakuona haya, maana wa kumwonea haya hakuwapo.

Siku hiyo hiyo akachukua kisu, akakwangua "mdogo wetu", na kwa wino wa masizi akaandika "ndugu yetu". Neno hilo halisemi nani alitangulia kuzaliwa, na mwenye kiburi hujisomea ukubwa popote. Sishindiki alifurahi, akavunja muhuri. Ndani mlikuwa na mstari mmoja: "Bonde hilo ni mawe matupu, lichukueni, tupumzike." Akajibu kwa hati ya amani, akamwita Jitukuze ndugu yake, akamkabidhi Mstahamili aipeleke kwao.

Kwa neno hilo Jitukuze aligundua kwamba ukubwa wake umekwanguliwa. Mstahamili hakufika hata nyumbani. Alisimamishwa mbele ya Kadhi Herufi, umati ukisikiliza.

"Ulibadili neno la Sultani?"

"Nililibadili, mheshimiwa Kadhi. Na vita vimekoma."

"Vita havimo katika shitaka. Adhabu yako ni kifo." Kadhi akafunua daftari, akasoma, akakohoa. "Lakini imeandikwa humu kwamba tarishi Mstahamili alifariki, kwa kuwa asiyerudi kwa miaka minne huhesabiwa maiti. Daftari la Sultani halikosei, na sheria haimchinji maiti."

"Basi mimi ni huru?"

"Marehemu hana uhuru wala kifungo. Ondoka."

Watu wakaangua kicheko. Sultani akaiacha hukumu ipite, maana kulikana daftari lake ni kujikana mwenyewe. Na kwa kuwa kosa halikuwa na mkosaji, amani ikabaki.

Nje ya baraza alisimama Tulizo, amemshika mkono mtoto wa miaka mitatu. Nyuma yake alikuwapo mwanamume mpole aliyeinamisha macho.

"Waliniletea habari yenye muhuri," alisema Tulizo. "Nikakaa eda."

"Ulifanya ipasavyo."

"Nilikulilia, Mstahamili. Nilikulilia mpaka machozi yakaisha, nikakuzika moyoni. Leo nakuona u hai, na sina la kukupa."

Moyo wa Mstahamili ulivunjika, na hakumlaumu. Aliinama akampa mtoto mkono, akamuuliza jina lake. Kisha akashika njia, wala hapakuwa na mtu aliyemuuliza aendako.