Mstari Uliotoka Chini ya Mlango

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne kasorobo, wazee watano huketi kwenye mabenchi ya varanda ya shule, kila mmoja na mtoto wake wa kumsomesha. Hawalipwi. Darasa lina watoto sabini na kitabu kimoja, kwa hiyo kitabu hupita mkono kwa mkono, na anayengoja zamu hufunga na kufungua kamba za viatu.

Fundi cherehani mstaafu alipewa msichana aliyeitwa Pini kwa wembamba wake. Pini alikuwa amerudia darasa la kwanza mara mbili. Mdogo wake alishamfikia, wakakaa dawati moja, na alikuwa akimwazima kifutio kwa masharti. Mwalimu mkuu alikwishasema: Ijumaa asome ukurasa mzima mbele yake, akishindwa akae nyumbani amsaidie mama yake kufua.

"Usiliparamie neno," fundi alimwambia, akitembeza sindano chini ya mstari. "Piga bandi kwanza, mishono mirefu mirefu mpaka mwisho. Halafu rudi ushone vizuri."

"Na nikikosea, Bibi?"

"Unafumua. Mimi nimefumua magauni ya maharusi, sembuse silabi?"

Neno likisomwa sawasawa lilikuwa linatoka kitabuni na kukaa kwenye sare ya msomaji, kama ua la kutarizi. La kwanza lilikaa kwenye kola, mengine yakashuka mikononi. Halikutoka kwa sabuni. Akina mama walilisugua siku mbili, wakaachana nalo.

Dereva mstaafu, ambaye mwanafunzi wake tayari alikuwa na aya nzima mgongoni, alimchungulia Pini.

"Fundi, wako bado shati jeupe? Hata lori langu lilikuwa na maandishi nyuma."

"Wewe angalia barabara yako," alijibu fundi.

Alhamisi mchana kitabu kikaisha. Kurasa zote zilikuwa nyeupe, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Pini.

Fundi akaenda ofisini. Pembeni ya ofisi kulikuwa na stoo, na dirishani vilionekana vitabu vipya vimepangwa mpaka karibu na dari.

"Vile ni vya kuonyesha wageni," alisema mwalimu mkuu kwa upole. "Watoto watavichafua."

"Wageni wanajua kusoma tayari, mwalimu."

"Ndiyo maana hawavichafui."

Ijumaa wazee wote walikuja, ingawa haikuwa siku yao. Fundi alimketisha Pini sakafuni mbele ya mlango wa stoo. Akapitisha sindano kwenye uwazi wa chini, akavuta taratibu, kama mtu anayevuta uzi uliozama kwenye pindo. Ukatoka mstari mweusi wenye vumbi kidogo, ukalala sakafuni.

Mwalimu mkuu alisimama na kutazama saa yake. Pini alipitisha kidole chini ya mstari mpaka dereva akaanza kukohoa.

"Bandi," alinong'ona fundi.

"Mto... to. Ame... fu... amefu... ngua. Di... dirisha." Pini akarudi mwanzo, akashona. "Mtoto amefungua dirisha."

Mstari ukanyanyuka, ukakaa kwenye kola yake. Fundi akavuta wa pili, na wa tatu. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kuvuta, mistari ilijitokea yenyewe na kupanga foleni. Pini alimaliza ukurasa, akamaliza wa pili, maneno yakamfika kwenye pindo la sketi.

"Inatosha, amepita," alisema mwalimu mkuu.

"Bado huu mmoja," alisema Pini, akausoma.

Wazee walipiga makofi. Dereva alivua kofia.

"Huyu amenipita bila hata kupiga honi."

Mdogo wake Pini alikuja na kifutio, akampa, asitaje sharti lolote.

Wiki iliyofuata wageni walifika. Walitazama vitabu kupitia dirisha, wakasifu majalada, wakapiga picha, wakaacha katoni nyingine. Ikaingizwa stoo, na ufunguo ukarudi mfukoni mwa mwalimu mkuu. Ndani ya jalada moja kurasa za mwanzo zilikuwa nyeupe kama shuka mpya, lakini hakuna aliyefungua.

Pini alisimama mlangoni, akasoma karatasi iliyobandikwa pale, bila kusita.

"Vitabu vya wanafunzi."

Maneno yakatoka kwenye karatasi, yakamkaa kifuani.

"Vizuri sana," alisema mwalimu mkuu, na alifurahi kweli. "Sasa sogea kando, uache mlango."

Akaandika karatasi nyingine, akaibandika palepale.

Jumanne, saa nne kasorobo, fundi alikuja na sindano tano, moja kwa kila mzee.