Mkwe Hatazamwi

"Mwambie mumeo apunguze mwendo! Nimekuja kuona mji, sikuja kuwinda swala!"

Yuliana alikuwa kinywa cha watu wawili tangu asubuhi, na sauti ilishaanza kumkauka. "Gabrieli, mama anasema punguza mwendo."

Gabrieli, hatua ishirini mbele, hakugeuka. "Mwambie mama nikipunguza atanifikia."

"Mwambie miguu hii haijamfikia mtu tangu mwaka wa njaa!"

Bi Scholastika alikuwa mama yake Yuliana, na Gabrieli alikuwa mkwewe. Kwao Matombo, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Milimani si tabu: ukimwona mkweo anakuja, unajitosa migombani mpaka apite. Padri wa misheni aliwahi kumwambia Bi Scholastika kwamba kumtazama mkwe si dhambi. "Baba, wewe una mkwe?" akamuuliza.

Lakini mjini Morogoro barabara za Wadachi, watawala wa Kijerumani, zimenyooka, migomba hakuna, na mwenye kuujua mji ni Gabrieli peke yake. Alikuwa anapakia kuni za gari moshi. Basi aliongoza yeye, mgongo kwao, akitangaza kila kitu kama mnadi. Tatizo ni kwamba alichokitangaza alikuwa amekifikia yeye, wao bado.

"Kushoto, duka la Mhindi! Kaniki nzuri!"

Bi Scholastika akageuka kushoto, akaona dirisha lenye nondo, akachungulia. "Kaniki ziko wapi?"

"Mama," mtu akajibu kutoka ndani, "ungekuwa na ufunguo ningekutafutia."

Ilikuwa mahabusu.

"Kushoto, boma la bwana mkubwa!" Gabrieli alitangaza tena. "Msicheke! Salimuni kwa adabu!"

Wakati huo wao ndio kwanza wanafika dukani. Bi Scholastika akampigia goti Mhindi aliyekaa mlangoni akipima chumvi. Mhindi hakuwahi kupigiwa goti na mteja. Akampa kipande cha sukari guru.

"Mwambie mumeo bwana mkubwa wake hana makuu," alisema Bi Scholastika akitafuna.

Hayo yote yalikuwa ya kupitisha muda tu. Kilichomtoa Matombo kilikuwa gari moshi. Alikuwa amewaapia wanawake wote wa kisimani kwamba atalipanda mpaka kituo kinachofuata, kisha atarudi kwa miguu. Modesta, jirani yake, alicheka mpaka akamwaga maji. Kesho alfajiri Bi Scholastika alipaswa kupanda mlima kurudi kwenye maharage yake. Asipopanda gari leo, atapanda mlima na kicheko cha Modesta kinamsubiri juu.

Stesheni, gari lilikuwa limesimama linapumua. Gabrieli alitoa cheti alichopewa na mabwana wake wa kazi: yeye na watu wawili wa nyumbani kwake.

"Mnakaa behewa moja," alisema karani. "Mwenye cheti na watu wake pamoja."

Yuliana akachungulia ndani. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mabenchi mawili yanayotazamana. Watu walikuwa wameshajaa, zimebaki nafasi tatu: mbili huku, moja kule, uso kwa uso.

"Mimi nitakaa juu ya kuni," Gabrieli akamwomba karani.

"Ukikaa juu ya kuni, na hawa hawapandi."

Gabrieli akageukia ukuta wa stesheni. "Mwambie mama anisamehe. Haiwezekani."

"Mwambie asilie ukutani kama popo." Bi Scholastika alilitazama gari, akaitazama milima, akamwona Modesta kana kwamba yupo pale. Kengele ikalia, karani akaenda kukagua mabehewa ya mbele. "Yuliana, vua kanga ya mabegani. Mfunike mumeo."

"Mama!"

"Mfunike gubigubi, kama mwali anayetolewa ndani. Mwali hamtazami mtu, wala mtu hamtazami mwali."

"Mwambie mama hapa ndipo kazini kwangu!" Gabrieli alilalamika. "Watu wote wananijua!"

"Mwambie ndiyo maana tunamfunika."

Yuliana alimfunika, akicheka na kuogopa kwa pamoja, akamshika mkono na kumpandisha. Gabrieli akajigonga kizingitini.

"Mwenye cheti yuko wapi?" karani aliuliza mlangoni.

Mkono wenye sugu ukachomoza ndani ya kanga, umeshika cheti. Karani akakichukua cheti, akautazama mkono, akashusha macho kwenye miguu.

"Na huyu?"

"Mwali wetu," alisema Bi Scholastika.

"Mbona ana miguu kama ya mchukuzi?"

"Wewe nawe, unamtazamaje mwali wa watu miguu? Huna adabu?"

Behewa zima likamgeukia karani. Karani akarudisha cheti haraka, akafunga mlango.

Bi Scholastika akaketi mbele ya mwali wake, akakaza kaniki yake kifuani, akatoa kichwa dirishani. Gari likapiga yowe na kung'oka.